Bunduki ya kwanza kwa mwenye shoto

Sisi wenye shoto tuliozaliwa huku pwani, kubadilishwa mkono tunakujua tangu utotoni. Chakula mkono wa kulia, salamu mkono wa kulia, ukimpa mtu kitu mkono wa kulia, na hayo mimi sina neno nayo, ni adabu ya dini na ya nyumbani na wanangu nawafundisha hivohivo. Lakini kuna mambo hayana adabu wala utovu wa adabu ndani yake, ni mwili tu unavyofanya kazi, na kulenga shabaha ni moja katika hayo. Mtu mwenye shoto akilazimishwa kupigia bega la kulia huku jicho lake la nguvu, yaani lile linalotawala akilenga, ni la kushoto, hapo hakuna aliyefaidika, na shabaha yake itakuwa mbovu mpaka achoke aache.

Naandika haya kwa sababu mpwa wangu, mtoto wa dadangu, anaishi Columbus, Ohio, na alipokuja Malindi kwa Idd swali lake lilikuwa ni hilo tu, mjomba nataka kununua bunduki yangu ya kwanza, semi-otomatiki, na mimi nna shoto, ninunue ipi? Mimi nimeishi kulekule Ohio, nimepigia shoto uwanja wa shabaha kule, na sasa niko nyumbani Malindi. Na si yeye peke yake, kuna vijana wa Lamu, wa Mombasa, wa hapa Maweni, wako Marekani na wananiuliza hilohilo kwa voisi za WhatsApp, kwa hio bora niliandike mara moja lieleweke.

Kwanza niweke wazi kitu. Hapa Kenya hii si habari ya kwenda dukani. Silaha ya raia iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, bila cheti cha bodi ya leseni huna haki ya hata risasi moja, na semi-otomatiki za aina ya kivita raia haruhusiwi kabisa. Uwindaji wa burudani nao ulipigwa marufuku tangu 1977. Na ukiwa mtu wa Malindi au Lamu, baada ya yale mashambulizi ya Mpeketoni 2014, ukitaja bunduki barazani watu wanakutazama kwa jicho jengine, na wana haki yao. Kwa hio ninachokisema hapa ni cha walioko huko, wanaoishi kihalali, kwenye jimbo linaloruhusu, wanaotaka mchezo wa shabaha au kuwinda.

Sasa tuanze na jicho. Watu wanakimbilia kuuliza kampuni gani, bei gani, rangi gani, na hajui hata jicho lake la nguvu ni lipi. Jicho na mkono si lazima viende pamoja. Kuna watu wanaandika kwa kushoto na jicho la nguvu ni la kulia, na kinyume chake, na huyo aliyevuka hivi ndie mwenye mtihani mkubwa zaidi kuliko mwenye shoto kamili.

Mpwa wangu nilimpima hapa hapa. Tulikuwa tumekaa ufukweni, ile Nguzo ya Vasco da Gama inaonekana kule kwenye mwamba, nyeupe, na msalaba wake juu. Nikamwambia nyoosha mikono yote miwili mbele, kunja viganja vipandane mpaka kati ya vidole gumba na vya shahada kubaki kitundu kidogo cha pembetatu, tazama msalaba ndani ya kitundu, macho yote mawili wazi. Haya, usiusogeze mkono, fumba jicho la kulia. Akasema bado nauona. Fungua, fumba la kushoto. Msalaba umepotea, anaona mawe na bahari tu. Nikamwambia sasa macho yote wazi, rudisha mikono polepole mpaka usoni bila kuupoteza msalaba, na mikono ikaenda yenyewe ikatua kwenye jicho la kushoto. Basi, limekwisha hilo. Mkono wa kushoto, jicho la kushoto, huyu apigie bega la kushoto na asikubali mtu yeyote dukani au uwanjani kumgeuza.

Kama majibu yangekuwa jicho la kulia, ningemwambia tofauti: jifunze bega la kulia tangu siku ya kwanza, manake kwa bunduki ndefu jicho ndio linalotawala, huwezi kuilaza shingo juu ya kitako kutafuta saiti, ile alama ya kulengea, kwa jicho la upande mwengine. Nna jirani mzee aliyewahi kubeba bunduki ya kijeshi ya G3 kazini miaka mingi, ana shoto na jicho la kushoto, na alikofunzwa hakuna aliyemuuliza. Alinionyesha kwa fimbo yake ya kutembelea alivokuwa akilenga: kitako bega la kulia, kichwa amekivusha upande wa pili mpaka shingo imesimama mishipa. Mzee amestaafu zamani lakini shingo ile bado anaijua ilivokuwa ikiuma, akieleza anaishika.

Baada ya jicho ndio tunakuja kwenye ganda la risasi, na hapa ndipo penye kiini cha mambo yote ya shoto kwenye semi-otomatiki.

Semi-otomatiki inafanya hivi: ukivuta triga risasi moja inatoka, na nguvu ileile ya risasi (kwa nyingi ni gesi ya baruti, kwa nyengine ni teke lenyewe linaloisukuma nyuma bolti, kile chuma kinachofunga chumba cha risasi) inafungua chumba, inalichomoa ganda tupu, inalitupa nje, kisha springi inarudisha bolti mbele na risasi mpya. Ukitaka nyengine lazima uachie triga uivute tena. Ganda lile linatoka la moto, linatoka kwa kasi, na karibu bunduki zote zimeundwa litoke upande wa kulia, manake aliyeziunda alimfikiria mtu wa kulia ambaye uso wake uko upande wa kushoto wa bunduki. Wewe mwenye shoto shavu lako liko upande wa kulia, palepale penye dirisha la kutolea maganda. Ganda linapita mbele ya uso wako, moshi na chembechembe za baruti zinakuja kwako, na ikiwa bunduki hio inatupa vibaya ganda litaingia kwenye kola ya shati na utalihisi kwenye ngozi.

Ni kama mkasi wa fundi cherehani, mwenye shoto akiushika unakata, lakini ule ukali na ule upinde wote umetengenezewa mwengine.

Lakini kupita mbele ya uso si kupiga uso. Hili ndilo watu wengi hawalijui na wauzaji wanalitumia kumtisha mtu ili wamuuzie kitu cha bei ya juu. Chukua AR-15, ambayo ndio semi-otomatiki inayouzwa sana Marekani. Ilibuniwa na Eugene Stoner wa ArmaLite miaka ya 1950, Colt wakanunua haki zake 1959. Zile za mwanzo zilikuwa zinamsumbua mwenye shoto kweli, lakini jeshi la Marekani lilipotoa M16A2, toleo la kijeshi la bunduki hiohio, miaka ya 1980 waliweka kinundu cha chuma nyuma ya dirisha, ganda likitoka linakigonga kile kinundu linaruka mbele na kulia, mbali na uso. Karibu AR zote za leo zinacho. Mimi nimepigia shoto na AR ya kawaida kabisa, na maganda yalikuwa yanaangukia mbele yangu kulia, sikuwahi kuwa na haja ya kuinamisha kichwa. Miwani ya kinga lazima, hio haina mjadala kwa mtu yeyote awe wa kulia awe wa kushoto, na vikinga masikio vilevile, bunduki ya aina hii kelele yake inapita desibeli 140 na sikio likishaharibika halirudi.

Na kuna zaidi. Ukiishika AR kwa kushoto kuna mambo yanakuwa rahisi kwako kuliko kwa mtu wa kulia, na mimi hili nalisema kwa furaha manake tumezoea kuambiwa sisi ndio wenye tabu. Kitufe cha kuachia bolti kiko upande wa kushoto, juu ya magazini, na kidole chako cha shahada cha kushoto kiko palepale, unakifikia bila kuachia kishikio wakati mtu wa kulia lazima alete mkono wa pili. Dirisha la maganda liko upande wa uso wako, ukiteremsha bunduki kidogo tu unaona ndani ya chumba kama kuna risasi au hakuna, na kukagua chumba ndio jambo unalolifanya mara nyingi kuliko yote. Kitufe cha magazini kiko kulia, na mkono wako wa kulia ukienda kulishika magazini kidole chake cha shahada kinakifikia chenyewe.

Kinachobaki kuwa na tabu ni sefti, kile kizuizi cha kufanya bunduki isipige. Kijiti chake kimewekwa upande wa kushoto kwa ajili ya kidole gumba cha mtu wa kulia, wewe kidole gumba chako kiko upande wa pili. Hapo ndipo pa kutia pesa yako ya kwanza: badilisha uweke sefti ya pande zote mbili, ni kipuri cha bei nafuu, fundi yeyote wa bunduki anakiweka kwa muda mfupi na AR nyingi za sasa zinakuja nacho tayari. Cha pili kama pesa ipo ni mkono wa kukokia wenye kufuli pande mbili, manake wa kawaida kufuli lake liko kushoto na wewe unakoki kwa mkono wa kulia. Basi. Hivo viwili vikishabadilishwa bunduki yako imekuwa ya mtu mwenye shoto na bado vipuri vyake ni vilevile vya kila duka.

Zipo AR za shoto kabisa zinazotupa ganda kushoto, Stag Arms ndio wamejulikana sana kwa hizo. Ni nzuri, sizisemi vibaya, na ukiweka kidhibiti sauti mdomoni mwa bunduki gesi inarudi nyingi kwenye dirisha kwa hio hapo utaona faida yake. Lakini kwa bunduki ya kwanza mimi siishauri. Bolti yake ni ya peke yake, sehemu ya juu ni ya peke yake, ikiharibika huendi duka la mtaani ukatoka nayo, na siku ya kuuza utatafuta mwenye shoto mwenzako, nasi ni kama mtu mmoja katika kila kumi. Halafu ukizoea hio tu, siku rafiki atakupa ya kwake ujaribu unakuwa mgeni. Jifunze kwanza ya kawaida.

Na kabla ya AR, wallahi kabla ya hio AR yenyewe, kama hujawahi kupiga chochote nunua ya .22. Risasi ya .22 LR ipo tangu 1887, ni ndogo, ni rahisi bei, haina teke, na mtu anajifunza kuvuta triga bila kufumba macho kwa woga. Ruger 10/22 imetoka 1964 mpaka leo inauzwa, magazini yake ya risasi 10 inazunguka ndani na haitokezi nje, kitufe chake cha kutoa magazini kiko katikati chini kwa hio mkono wowote sawa. Inatupa kulia lakini ganda lake dogo, halina nguvu. Shida yake ni sefti tena: ni kifimbo kinachopita ndani ya chuma mbele ya triga, mtu wa kulia anakisukuma kwa kidole chake cha triga kwenda kushoto bunduki iwe tayari, na wewe kidole chako kiko upande ambao kifimbo kinatokea. Kuna vifimbo vya kugeuza vinauzwa, tafuta hicho.

Ambae anapenda kitu cha kizamani kilichochongwa vizuri, kuna Browning SA-22, kazi ya John Browning mwenyewe, imeanza kutengenezwa 1914. Hio inatupa maganda chini. Chini kabisa, si kulia si kushoto, na inakatika vipande viwili kwa mkono bila bisibisi. Uzuri wake uso wako uko salama na mbao yake haina upande. Bei yake tu ndio inauma.

Mahali pa kuwa macho ni zile fupi ambazo bolti na chumba cha risasi viko nyuma ya triga, bulpapu wanaziita. Kwa hizo dirisha la maganda liko palepale penye shavu. Ikiwa inatupa kulia tu na wewe una shoto, ganda la moto litakupiga usoni, na hapo hakuna kinundu cha kukuokoa. Bunduki ya jeshi la Uingereza ya L85 iko hivo, askari wote wenye shoto wanafunzwa kupigia kulia, hakuna njia nyengine. Steyr AUG ya Austria na Tavor ya Israeli zina dirisha pande mbili, unanunua bolti ya shoto na kukihamisha kifuniko cha dirisha upande wa pili, ni kazi ya kufanywa kabla hujatoka dukani usije ukasema nitafanya baadae. Kel-Tec RDB na FN PS90 zinatupa chini, hizo mwenye shoto na mwenye kulia ni ndugu. Kijana akiniambia anapenda bulpapu namtajia hizo nne na simtajii nyengine.

Za muundo wa AK sitasema mengi. Zinatupa ganda mbali mbele, na mkono wa kukokia uko kulia kwa hio wewe unaukoki kwa mkono wa kulia huku kishikio hujakiachia, ni raha kweli. Sefti yake kubwa ya pembeni inataka mazoezi kwa kila mtu. M1 Garand ile ya mwaka 1936 nayo sefti yake iko mbele ya triga katikati, haimjui wa kulia wala wa kushoto, lakini ina teke na risasi zake ghali, si ya kuanzia.

Dukani sasa. Usikubali kuisifia bunduki iliyoko ukutani. Omba kwa heshima, muuzaji aikague chumba mbele yako, nawe uikague tena, mtutu uelekee pasipo na mtu, kidole nje ya triga. Kisha fumba macho, ipandishe bega la kushoto ulaze shavu kama utakavyo, ndipo ufungue macho. Ikiwa jicho lako limetua moja kwa moja kwenye saiti, kitako hicho ni chako. Ikiwa unatafuta, kitako ni kirefu au kimechongwa kwa wa kulia, kuna mbao za kuwindia zina uvimbe wa kuegemea shavu upande wa kushoto tu, kwako wewe ule uvimbe uko upande wa nje haufai kitu. Vitako vya AR vinavyorefuka na kufupika havina tatizo hili. Halafu weka sefti, toa sefti, weka, toa, bila kuangalia. Hapo ndio utajua.

Makaratasi nayo, hili nawaomba vijana wetu walisome vizuri. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani bunduki ndefu kwa muuzaji mwenye leseni unanunua ukiwa na miaka 18, unajaza fomu 4473 na wanakagua jina lako kwenye mfumo ulioanza 1998. Mwenye green card anaruhusiwa. Mwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kununua wala hata kumiliki, isipokuwa awe kwenye vipengele vichache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda, na akikosea hapo haishii faini, anaweza kupoteza haki ya kuishi kule. Usimtume rafiki mwenye makaratasi akununulie, hilo ni kosa kubwa la jinai kwenu nyote wawili. Fomu inauliza kuhusu bangi pia, na hilo ni swali la serikali kuu hata kama jimbo lako limeiruhusu, usiidanganye. Na majimbo hayafanani, California, New York, Illinois na Washington zina marufuku yao juu ya semi-otomatiki nyingi, kwa hio ukihama na bunduki yako ulizia kwanza.

Mpwa wangu alichukua 10/22, kisha AR ya kawaida yenye sefti ya pande mbili. Ananitumia picha za karatasi za shabaha, matundu yanazidi kukaribiana, na kila nikiziona namuombea.

Akaja tena nyumbani, na hapo nilimsisitizia jambo ambalo nalisisitiza kwa kila mmoja wenu. Risasi za .22 ni ndogo, zinajipenyeza kwenye mishono ya mfuko, kwenye soksi, kwenye kifuko cha miwani. Ikionekana moja uwanja wa ndege Mombasa au Nairobi hakuna atakaekusikiliza habari za Ohio, hio ni risasi bila cheti na utalala ndani. Begi la uwanja wa shabaha libaki Columbus, koti ulilolivaa uwanjani libaki Columbus, na safari ya Malindi uifungashe kwenye begi ambalo halijawahi kukaribia bunduki.